Guchini mbele ya hadhira ya leo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila onyesho likiisha, watu husogea mezani kuitazama ala, na maswali huwa ni yale yale. Nimeyapanga hapa kuanzia ya mtu aliyeisikia guchini kwa mara ya kwanza hadi ya yule anayejiandaa kupanda nayo jukwaani. Nilijifunza kuipiga huko huko China, na haya ninayaandika kama mpigaji.

## Ala yenyewe

1. Guchini ni nini?

Ni ala ya nyuzi 7 inayolazwa juu ya meza na kupigwa kwa vidole vitupu. Kwa herufi za Kilatini Wachina huandika guqin. Hapa naliandika jina kama linavyotamkwa. Ina urefu wa kama sentimita 120. Ubao wa juu huchongwa kwa mti mwepesi, mara nyingi paulonia, na wa chini kwa mti mgumu zaidi. Mbao hizo mbili hugandishwa pamoja zikaacha uwazi katikati, kisha ala nzima hupakwa utomvu wa mti wa laki uliochanganywa na unga wa pembe za kulungu. Utomvu huo ukishakauka huwa mgumu na laini kama kigae, na ni lazima uwe hivyo, maana vidole vya mkono wa kushoto vinashinda vikiteleza juu yake.

Nyuzi zake hazina vidaraja vya kuziinua wala vigawanyo vya chuma kama vya gita. Kwa karne nyingi ilikuwa ala ya wasomi: mtu aliyehesabiwa kuwa ameelimika alitarajiwa kuijua, pamoja na weichi (mchezo wa kete wa ubaoni), uandishi wa brashi na uchoraji. Mwaka 2003 UNESCO iliitangaza kuwa moja ya kazi bora za urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ikaingia rasmi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

2. Ile ala kubwa yenye nyuzi nyingi niliyoiona kwenye sherehe ya Mwaka Mpya wa Kichina ndiyo hii?

Hapana. Hiyo bila shaka ilikuwa gujengi (guzheng). Gujengi ya siku hizi ina nyuzi 21, urefu wa sentimita 163 hivi, na kila uzi umeinuliwa na kidaraja chake kinachoweza kusogezwa. Mpigaji hufunga kucha za bandia kwenye vidole kwa plasta, na sauti inang'aa hadi viti vya nyuma. Ni ala nzuri sana, na kama unatafuta muziki wa kufungulia harusi au karamu, mwite mpigaji wa gujengi. Guchini mahali kama hapo itapotea kati ya sahani na maongezi.

3. Ina undugu na kanuni ya taarabu?

Zote ni za ukoo mmoja wa ala: nyuzi zimetandazwa juu ya ubao au sanduku, na hakuna shingo kama ya udi. Simaanishi kwamba moja ilizaa nyingine. Katika ukoo huo kanuni inakaribiana zaidi na gujengi, kwa kuwa zote zina nyuzi nyingi na mpigaji huvaa kitu vidoleni.

Kwa tabia, mimi naiona guchini iko karibu na inanga ya Burundi, ile inayoimbwa kwa kunong'ona ili sauti ya mwimbaji isiumeze uzi. Aliyewahi kukaa hatua mbili kutoka kwa mzee anayenong'ona na inanga yake ameshajifunza nusu ya kuisikiliza guchini.

4. Zile nukta nyeupe pembeni mwa nyuzi ni za nini?

Ni nukta 13, kwa kawaida za gamba la chaza, zinazoonyesha mahali uzi unapogawanyika sawasawa. Ya 7 iko katikati kabisa ya uzi. Ya 5 na ya 9 zinaukata kwa theluthi. Ya 4 na ya 10 kwa robo. Ukiugusa uzi juu ya nukta bila kuubonyeza, kisha ukaupiga kwa mkono wa kulia, unatoka mlio safi kama wa kengele ndogo. Wachina huuita sauti inayoelea. Nyuzi 7 mara nukta 13 ni 91, na milio yote hiyo hutumika.

Guchini ina aina tatu za sauti. Kuna ya uzi ulioachwa wazi, nzito na ya kukaa; kuna hiyo inayoelea; na kuna ya uzi uliobonyezwa, ambayo mkono wa kushoto unaweza kuivuta, kuitetemesha na kuitelezesha hata baada ya mlio wenyewe kuanza kufa. Mapokeo huzilinganisha na ardhi, mbingu na mwanadamu. Mimi huanza kila onyesho kwa kuzipiga moja moja, na huwa naona nyuso zikibadilika hapo hapo, kabla hata wimbo haujaanza.

5. Mbona sauti yake ni ndogo hivyo?

Kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya chumba, na pengine kwa ajili ya mpigaji na rafiki mmoja. Ubao ni mnene, na matundu mawili ya sauti yako chini, yanatazama meza. Ndiyo maana meza ni sehemu ya ala. Ukiweka guchini juu ya meza yenye zulia au kitambaa kizito, umeiziba mdomo. Tafuta meza ya mbao isiyo nene sana, weka vipande viwili vidogo vya mpira ili isiteleze, basi. Habari za maikrofoni ziko swali la 10.

## Muziki wake

6. Muziki wa guchini unaandikwaje?

Kwa alama zilizojengwa kutokana na vipande vya herufi za Kichina. Alama moja inaweza kusema: kidole gumba cha kushoto kibonyeze kwenye nukta ya 9, kidole cha kati cha kulia kiuvute uzi wa 3 kuelekea kwako. Yote hayo yamo ndani ya kialama kisichozidi ukubwa wa punje ya mhindi. Kidole kidogo hakitajwi, maana hakitumiki kabisa. Jina lake ni kidole kilichokatazwa.

Kabla ya mfumo huo kila kitendo kilielezwa kwa maneno marefu. Umebaki wimbo mmoja ulioandikwa hivyo, Youlan, katika hati ya kale inayohifadhiwa Japani.

7. Basi mnapiga nyimbo za kale kama zilivyokuwa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake ni refu kidogo.

Alama hizo zinakuambia kidole kiende wapi. Hazikuambii kikae muda gani. Urefu wa kila sauti ulirithishwa kwa mdomo na sikio, mwalimu na mwanafunzi wakiwa wamekaa uso kwa uso, ala mbili mezani. Mnyororo huo ulipokatika, wimbo ulibaki kitabuni kama mwili usio na pumzi. Kuurudisha kunaitwa dapu. Mpigaji hukaa na maandishi miezi, wakati mwingine miaka, akijaribu kila sentensi ya muziki hadi vidole vyenyewe vimwambie mahali pa kupumua. Kwa hiyo wapigaji wawili wakisoma ukurasa mmoja hutoa nyimbo mbili zenye sauti zile zile na mwendo tofauti, na wote wako sahihi.

Mfano mkubwa ni Guangling San. Katika karne ya 3 mwanafalsafa Ji Kang alihukumiwa kifo. Inasimuliwa kwamba wanafunzi 3,000 walimwombea msamaha, wakakataliwa. Akaomba guchini yake, akaupiga wimbo huo mara ya mwisho, akasikitika kwamba sasa unapotea. Haukupotea wote. Mwaka 1425 mwanamfalme Zhu Quan alichapisha kitabu cha nyimbo za guchini, na humo mna Guangling San yenye sehemu 45. Kwa muda mrefu ilikuwa karatasi tu, hadi mpigaji Guan Pinghu alipoirudishia pumzi katika miaka ya 1950.

Miaka hiyo hiyo ala yenyewe ilikuwa hatarini. Mwaka 1956 Zha Fuxi na wenzake walizunguka China kuwarekodi wapigaji, na waliowapata hawakufika hata 100. Nikiwaambia watu hivyo ukumbini, hunyamaza. Muziki wanaousikia jioni hiyo umepita kwenye tundu la sindano.

8. Ni kweli kwamba guchini iko angani?

Ni kweli. Mwaka 1977 vyombo vya anga vya Voyager vilirushwa na santuri ya dhahabu yenye sauti za dunia, na mmojawapo wa nyimbo zake ni Liu Shui, yaani maji yanayotiririka, uliopigwa na Guan Pinghu. Unachukua dakika 7 na sekunde 37. Katikati mna sehemu ambapo mkono wa kulia unazungusha nyuzi mfululizo huku wa kushoto ukiteleza kupanda na kushuka, na maji yanasikika kweli. Sehemu hiyo inahusishwa na mpigaji wa karne ya 19, Zhang Kongshan wa Sichuan.

## Jukwaani

9. Nasikia wazee walikataza kuipiga mbele ya watu. Je, onyesho si kuivunjia heshima?

Vitabu vya kale vina makatazo matano: usipige kwenye upepo mkali na mvua kubwa, usipige sokoni, usipige mbele ya mtu asiye na adabu ya kusikiliza, usipige bila kukaa vizuri, usipige bila mavazi yanayofaa. Baadhi ya watu huyasoma kama dharau kwa watu wa kawaida. Ukiyatazama kwa jicho la mpigaji, karibu yote ni maelekezo ya sauti. Upepo na mvua vinaifunika ala. Soko linaifunika. Mkao mbaya unaufunga mkono.

Hilo la mtu asiye na adabu ndilo gumu, nami siwezi kulikubali kama lilivyo. Nimepiga mbele ya mafundi ujenzi waliokuja na vumbi kwenye viatu, wakasikiliza kuliko wageni waalikwa wa viti vya mbele. Wanaonikatisha tamaa ni waandaaji wanaoiweka guchini mlangoni kama pambo huku watu wanapokelewa.

Desturi ya zamani ya kukutana inaitwa yaji: wapigaji wachache, chai, kila mtu anapiga wimbo mmoja au miwili, hakuna jukwaa. Onyesho zuri la leo linaazima mengi kutoka huko. Kama unaweza kuchagua, wakalishe watu 40 nusu duara karibu na meza, na ufanye maonyesho mawili badala ya moja la watu 80.

10. Nitumie maikrofoni?

Watu wakiwa chini ya 50 katika chumba kimya, usitumie. Wakizidi hapo, tumia, lakini kwa lengo la kumfanya mtu wa nyuma asikie kama aliyekaa mstari wa tatu. Ukipandisha zaidi ya hapo, ala inageuka kitu kingine.

Niliwahi kupiga katika ukumbi wa watu kama 200, na fundi wa sauti, kwa nia njema kabisa, alitundika maikrofoni juu ya nyuzi na kuifungulia. Tulichokisikia kwenye spika ni msuguano wa kidole juu ya uzi, krrr, krrr, kama panya anayekimbia juu ya makuti. Muziki ulikuwa chini ya kelele hiyo. Tuliishusha hadi usawa wa ukingo wa meza, tukaielekeza kwenye nafasi iliyo kati ya ala na mbao za meza, tukaongeza ya pili mbali kidogo, tukapunguza spika. Bado kulikuwa na ukungu fulani kwenye sauti. Ndipo mama mmoja mfagizi aliyekuwa amesimama mlangoni akasema, zimeni hicho kiyoyozi. Kilizimwa. Sauti ya uzi wa 1, ule mnene kuliko yote, ikatembea hadi ukuta wa nyuma.

Tangu siku hiyo kazi yangu ya kwanza nikiingia ukumbini ni kusimama katikati na kusikiliza mashine: viyoyozi, friji la vinywaji, jenereta ya nje, taa zinazovuma. Kila unachokizima kinaipa guchini nafasi, na hakigharimu chochote. Ule msuguano wa kidole usiuondoe wote. Kiasi chake ni sehemu ya uzuri wa ala.

11. Onyesho liwe la muda gani, na nianze na nini?

Dakika 45 hadi 60 kwa wasikilizaji wapya. Guangling San peke yake huchukua zaidi ya dakika 20, kwa hiyo usifungulie nayo onyesho.

Huwa naanza na Meihua San Nong, wimbo wa maua ya mplamu, kwa sababu una kipande cha sauti zinazoelea kinachorudi mara tatu. Kikirudi mara ya pili mtu anakitambua, na mtu akitambua kitu anatulia kitini. Halafu Jiu Kuang, wimbo mfupi wa mlevi anayeyumba, unaohusishwa na mshairi Ruan Ji; hatua za kuyumba zinasikika wazi na watu hutabasamu. Liu Shui hukaa vizuri baada ya hapo. Kama una mwimbaji, Yangguan San Die, wimbo wa kumuaga rafiki wenye maneno ya shairi la Wang Wei, hufungua mioyo upesi, maana kuagana hakuhitaji tafsiri.

12. Nieleze muziki kabla ya kupiga, au niuache ujisemee?

Eleza, lakini kwa dakika moja, na uelekeze sikio mahali. "Sikilizeni sauti inapokwisha, kidole bado kinatembea" humsaidia msikilizaji kuliko historia ya nasaba tatu za wafalme.

Hadithi moja inastahili kusimuliwa yote. Boya, mpigaji wa kale, alipiga guchini akiwazia mlima, na Zhong Ziqi, mtu wa hali ya kawaida, akasema anaona mlima mrefu. Akapiga akiwazia maji, Ziqi akasema anaona mto. Ziqi alipofariki, Boya aliivunja ala yake na hakupiga tena. Mpaka leo Kichina humwita rafiki wa dhati zhiyin, anayeijua sauti. Isimulie kabla ya Liu Shui, kisha usiseme neno jingine.

13. Nyuzi za hariri au za chuma?

Hadi katikati ya karne ya 20 nyuzi zote zilikuwa za hariri. Miaka ya 1960 zilianza kutengenezwa za chuma zilizozungushiwa nailoni, na sasa ndizo zinazotumiwa na wengi. Za chuma zina sauti kubwa na ndefu, na hazipotezi kimo chake cha sauti ovyo. Za hariri zina ukavu mtamu, karibu na sauti ya mtu, lakini joto la taa za jukwaa linatosha kuzibadilisha katikati ya wimbo. Nyumbani napiga hariri. Jukwaani napiga chuma, isipokuwa chumba kikiwa kidogo na nina muda wa kurekebisha.

14. Mavazi ya kale, uvumba, moshi wa jukwaani?

Vazi safi lenye mikono isiyogusa nyuzi latosha. Ubani kidogo sawa, kama ukumbi unapumua. Moshi wa mashine hapana: huacha unyevu juu ya ubao, na mashine yenyewe inavuma.

## Kuchanganya na vingine

15. Inaweza kupigwa pamoja na gita, ngoma au jazi?

Inaweza, na wapo wanaofanya hivyo kwa ustadi. Wu Na wa Beijing hutunga papo hapo na wanamuziki wa jazi. Kikundi cha Zi De Qin She cha Shanghai hupanga guchini pamoja na filimbi, pipa (ala ya nyuzi ya Kichina) na ngoma, wakiwa wamevaa na kukaa kama mchoro wa kale uliopata uhai. Mwenzi wake wa asili ni xiao, filimbi ya mwanzi ya kusimama, kwa kuwa ina sauti ya chini na pumzi ndefu.

Kipimo changu ni kimoja: je, bado nasikia kidole kikiteleza? Ngoma ikilifunika hilo, kilichobaki ni gita dhaifu. Mpiga ngoma anayeweza kuacha mapigo manne matupu ni mwenzi mzuri kuliko kinanda cha umeme kinachojaza kila nafasi.

16. Vipi video za mtandaoni?

Zimeisaidia guchini sana, kwani kamera na simu za masikioni zinarudisha ule ukaribu wa hatua mbili. Rekodi usiku, simu ya jirani na jokofu vikiwa vimenyamaza, na onyesha mkono wa kushoto. Wapigaji wengi huonyesha uso.

## Dharura na mambo ya pembeni

17. Watu wapige makofi lini?

Mpigaji akiinua mikono na kuishusha mapajani. Waambie mapema. Nyimbo nyingi huishia kwa sauti zinazoelea, na makofi ya haraka huzifuta.

18. Ukumbi uko pwani, hewa ni nzito. Nifanye nini?

Ifikishe ala ukumbini saa mbili au tatu kabla, uiache ndani ya mfuko wake ulio wazi ili izoee hewa polepole. Usiiweke chini ya mdomo wa kiyoyozi. Pitia nyuzi mara mbili: ukifika, na tena watu wakishaingia, kwa maana pumzi zao zinabadilisha chumba.

19. Simu ikilia katikati ya wimbo?

Acha sauti uliyonayo ife yenyewe, subiri, kisha rudi mwanzo wa sehemu hiyo. Usimtazame mwenye simu. Ameshaumia vya kutosha.

20. Uzi ukikatika?

Mara nyingi huwa wa 7, ulio mwembamba na karibu zaidi nawe. Kuubadilisha si kazi ya dakika mbili. Nyuzi hufungwa kwa kuzungushwa kwenye miguu miwili iliyo chini ya ala, nne mguu mmoja na tatu mwingine, na ili kuufikia uliokatika huenda ukalazimika kuifungua iliyo juu yake, kisha kuvuta kwa nguvu huku uzi umezungushiwa kitambaa usikukate kiganja. Kwa hiyo nenda na ala ya pili iliyokwisha kurekebishwa, ikae nyuma ya pazia. Kama huna, una Youlan au wimbo mwingine wowote unaoweza kuuhamishia nyuzi sita? Mimi sina. Huwa nawaita watu waje mezani, nainua ala, nawaonyesha miguu na matundu ya chini, na nafunga uzi mpya wakitazama.